Beni–Kampala: tike na hoteli si hata nusu ya gharama ya likizo

Shule zikifunga mwanzoni mwa mwezi wa saba, familia za Beni, Butembo na Bunia zilizoweka pesa kidogo huanza kuzungumza juu ya Uganda. Wengine wana ndugu Kampala, wengine wana mtoto anayesoma kule, wengine wanataka tu watoto waone Ziwa Victoria pale Entebbe au mahali Nile inapoanzia, Jinja. Safari ni ya barabara, haiombi ndege. Lakini wako wanaorudi na deni, na deni hilo linakutana na mwezi wa tisa, wakati shule inafungua milango na kuomba pesa.

Kosa linaanzia nyumbani, siku ya kupiga hesabu. Baba anauliza bei ya basi, anauliza bei ya chumba, anajumlisha, anasema inatosha. Mengine yote anayaita "vitu vidogo". Hivyo vitu vidogo ndivyo vinavyomaliza mfuko.

Karatasi kwanza

Kuna habari nzuri kwa msafiri. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu mwanzo wa mwaka 2024 Uganda haiwatozi tena Wakongomani pesa ya viza. Zamani viza ya utalii ilikuwa dola 50 kwa mtu mmoja. Familia ya watu wanne ilikuwa inaacha dola 200 mpakani kabla hata ya kunywa chai.

Pasipoti inabaki gharama kubwa. Mwaka 2015 ile ya kibayometriki ilitoka kwa dola 185, na mwaka 2020 bei ikashuka hadi dola 99. Bei inabadilika, kwa hiyo ni lazima kuuliza ya leo katika ofisi inayozitoa, siyo kwa mtu wa katikati. Pasipoti inadumu miaka 5: gharama yake haifai kubebeshwa likizo moja peke yake, lakini pesa yake inatakiwa kupatikana miezi mingi kabla ya safari.

Kuna pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu mwezi wa saba 2016, kanuni za afya za kimataifa zinasema chanjo hiyo inafaa kwa maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Mwenye kadi yake safi hana sababu ya kununua nyingine.

Hesabu ya watu wanne

Tuchukue familia moja ya mfano kutoka Beni: baba, mama na watoto wawili. Wanapita Kasindi, wanavuka Mpondwe, kisha Kasese na Fort Portal hadi Kampala, zaidi ya kilomita 400 ndani ya Uganda. Wanakaa usiku 7. Bei zilizo hapa chini ni za mfano. Kila familia iweke za kwake.

- Motokari na basi, kwenda na kurudi, dola 25 kwa mtu kila upande: dola 200
- Kulala, dola 30 kwa usiku, usiku 7: dola 210
- Chakula, dola 5 kwa mtu kwa siku, siku 8: dola 160
- Mwendo wa mjini, taksi na bodaboda, dola 10 kwa siku, siku 7: dola 70
- Kuingia mahali pa kutembelea: dola 80
- Simu, intaneti, dawa na maji ya njiani: dola 40

Jumla ni dola 760. Ukiangalia vizuri, tike na kitanda ni dola 410 tu. Aliyepiga hesabu ya vitu hivyo viwili atafika Kampala akiwa amepungukiwa tayari.

Jambo moja linapotosha wengi: usiku 7 ni siku 8 za kula. Hoteli inahesabu usiku, tumbo linahesabu siku. Siku ya kwenda na siku ya kurudi watoto wanakula njiani, na njiani hakuna jiko la mama.

Juu ya dola 760 inafaa kuongeza sehemu moja ya tano kwa mambo yasiyotazamiwa: mtoto kuugua, basi kuharibika, barabara ya Beni–Kasindi kufungwa kwa sababu ya usalama na familia kulala mpakani. Hiyo ni dola 152, na jumla inafika 912. Zawadi na nguo za kuleta nyumbani zihesabiwe pembeni, tuseme dola 100. Sasa tuko kwenye dola 1,012, zaidi ya mara mbili ya ile hesabu ya kwanza ya tike na hoteli.

Pesa inayopotea kwenye kubadilisha

Franka za Kongo hazimfikishi mtu mbali baada ya Mpondwe. Kule kunatumika shilingi, na miaka hii dola moja imekuwa ikizunguka kwenye shilingi 3,600, mara juu, mara chini. Aliyechoka na safari anakubali bei yoyote. Akipewa 3,400 badala ya 3,600, anapoteza shilingi 200 kwa kila dola. Kwa dola 700 ni shilingi 140,000, karibu dola 40, sawa na siku mbili za chakula cha familia hiyo.

Dawa yake si ngumu. Badilisha kidogo mpakani kwa ajili ya basi na chakula cha njia, kingine ukibadilishe mjini baada ya kuuliza sehemu mbili au tatu. Noti ziwe safi na mpya: noti za zamani na noti ndogo mara nyingi hupewa kiwango cha chini, na iliyopasuka inaweza kukataliwa kabisa.

Saa nazo zina bei. Uganda iko mbele ya Beni kwa saa moja. Saa 11 ya jioni Kasindi ni saa 12 Mpondwe. Anayefuata saa ya nyumbani anakuta basi limekwenda, na usiku huo analipa kitanda ambacho hakikuwa katika bajeti.

Kulala kwa ndugu si bure

Familia nyingi zinafuta mstari wa hoteli kwa sababu kuna shemeji au shangazi Kampala. Ni vizuri, undugu ndio huo. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wanne katika nyumba ya mjini wanakula, wanaoga, wanatumia umeme, na mwenyeji naye ana watoto wa kusomesha. Mgeni mwenye heshima anafika na kitu mkononi kutoka nyumbani, na anasaidia kwenda sokoni. Nusu ya pesa ya hoteli ikiwekwa kwa ajili hiyo, dola 105 katika mfano wetu, hakuna atakayenung'unika, na familia bado imebakiza nyingine 105.

Katika hifadhi za wanyama kuna jambo la kuuliza kabla ya kulipa. Bei hazifanani: raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, tena kidogo, mgeni wa mbali analipa kwa dola, tena nyingi. Mkongomani aende na pasipoti yake na aulize yeye anawekwa upande gani. Swali hilo halilipishwi.

Ikikosa kutosha, punguza siku

Hesabu ikizidi mfuko, wengi hukata chakula au wanafuta ile sehemu ya tano. Huko ni kujidanganya. Barabara inagharimu sawasawa ukikaa siku 3 au siku 10. Kinachoongezeka ni siku. Katika mfano wetu kila siku inakula dola 60: kitanda 30, chakula 20, mwendo 10. Ukiongeza sehemu ya tano ni dola 72. Kupunguza siku tatu kunarudisha dola 216, na watoto bado wameona Kampala.

Njia nyingine ni kutofika mbali. Fort Portal ina hali ya hewa ya baridi na maziwa madogo yaliyojaa ndani ya vilima vya volkano. Kasese iko chini ya Ruwenzori, mlima uleule unaoonekana kutoka Beni, lakini kwa upande wa pili. Mtoto anayeuona mlima wake kwa mgongo naye amesafiri.

Kabla ya kufunga mizigo, mambo mawili yabaki. La kwanza ni bahasha ya kurudi: nauli ya watu wanne dola 100, usiku mmoja dola 30, chakula dola 20. Dola hizo 150 zishikwe na mama, zisiguswe hadi siku ya kurudi. La pili ni bahasha inayobaki nyumbani. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari, shule za binafsi, yunifomu na madaftari havingoji. Pesa ya mwezi wa tisa itengwe kwanza. Kinachobaki baada ya hapo ndicho pesa ya likizo, na ndicho kitaamua kama familia inafika Kampala, inaishia Fort Portal, au inangoja mwaka kesho.