Mizani ya shairi yamfaa Mswahili anayejifunza Kijapani

Saa moja kamili asubuhi, mpwa wangu anayeishi mjini Voi huegemeza simu kwenye chupa ya chai na kumsalimu mwalimu wake aliye Osaka. Siku za mwanzo alikuwa akisema "Ohayoo gozaimasu", yaani habari za asubuhi, na mwalimu anacheka. Kule ni mchana.

Japani iko mbele yetu kwa saa 6. Kijana akawa anapiga hesabu kwa Kiingereza: saba jumlisha sita, kumi na tatu, ondoa kumi na mbili… Nikamwambia, wewe acha hesabu, soma saa ya nyanya yako! Saa ya Kiswahili nayo hutofautiana na ya Kiingereza kwa 6. Kwa hiyo nambari tunayoitaja Voi ndiyo wanayoitaja Osaka: saa moja yetu ni ichiji yao, saa mbili yetu ni niji. Ni sadfa tu, lakini ilinifanya nijiulize ni mangapi mengine anayoyaendea kwa njia ndefu ya Kiingereza ilhali Kiswahili kina njia ya mkato.

Kijana huyu huongoza watalii mbugani Tsavo. Msimu ukiwa mbaya hukaa hata miezi bila kazi. Anataka kwenda Japani kupitia mpango wa viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu ulioanza Aprili 2019, ambao unapokea watu wa kuhudumia wazee, wa mahotelini, wa mashambani na kadhalika. Mbali na mtihani wa ujuzi, anatakiwa athibitishe lugha, na njia mojawapo ni kupita kiwango cha N4 katika mtihani wa JLPT, ambao huanzia N5 kwa wanagenzi hadi N1 kwa mabingwa. Alama za kupita N4 ni 90 kati ya 180. Ila kuna mtego: sehemu ya kusikiliza ina kiwango chake, 19 kati ya 60. Ukipungukiwa hapo umeanguka, hata kama ya maandishi umeyapata yote. Yeye alipata 17.

Mtihani huo hauna sehemu ya kuzungumza. Ndiyo maana baadhi ya jamaa walimcheka alipoanza kutoa pesa kwa masomo ya mazungumzo, mtu na mwalimu wake, badala ya kununua vitabu zaidi. Mimi nami nilikuwa na shaka, hadi likizo ya Agosti nilipoketi kando yake nikasikiliza.

Siku hiyo alikuwa anaisifu Nairobi. Alitaka kusema kuna jengo refu, akiwazia jumba la KICC. Jengo la ghorofa ni biru, nayo takai ni refu. Mwalimu akaitikia kwa huzuni kidogo kwamba hata Osaka hali ni hiyo hiyo. Ikatuchukua muda kuelewa. Takai pia ni ghali, na biiru, kwa irabu ndefu, ni bia. Mama wa watu alikuwa ameambiwa kwamba Nairobi kuna bia ghali!

Kosa lilitoka wapi? Lilitoka kwetu. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu yake hurefuka kidogo bila sisi kujua. Mswahili akilisoma neno biru, mkazo unatua kwenye bi, na sikio la Mjapani linasikia biiru. Vivyo hivyo obasan, shangazi au mama wa makamo, hugeuka obaasan, ambaye ni nyanya. Hebu fikiria kumwita nyanya mama anayekuajiri! Na mtu asiyesikia tofauti hii katika kinywa chake hataisikia katika kanda ya mtihani. Kitabu hakiwezi kumwambia. Anahitaji mtu wa kumwelewa visivyo.

Dawa tuliipata katika somo alilolichukia kidato cha tatu: mizani. Katika shairi letu la mizani 16 kwa mshororo, neno "paa" lina mizani 2 na "mtu" ni mizani 2, m-tu, kwa kuwa ile m husimama peke yake. Kijapani huhesabu hivyo hivyo. Bi-ru ni 2, bi-i-ru ni 3. Ile n ya mwisho nayo husimama peke yake: o-ba-sa-n ni 4, o-ba-a-sa-n ni 5. Mashairi yao mafupi ya haiku hupimwa kwa kipimo hicho hicho, 5, 7, kisha 5. Sasa kijana hugonga meza kwa kidole kila mizani, na mkazo unatulia wenyewe.

Sarufi nayo ina zawadi zake, na mitego. Nyumba ni ie. Kuwa nyumbani ni ie ni iru. Ile ni hufuata nomino kama -ni yetu ya mahali, ingawa lugha hizi hazina undugu wowote. Lakini kula nyumbani ni ie de taberu. Kwetu -ni moja inatosha pote. Kwao pa kuwapo mtu hutengwa na pa kufanyia jambo. Kuhesabu nako hakumshangazi anayezijua ngeli. Sisi husema watu wawili, miti miwili, vitabu viwili. Wao husema futari kwa watu wawili, nihon kwa penseli mbili, nimai kwa karatasi mbili, nitoo kwa tembo wawili. Tofauti ni kwamba kwao hutazamwa zaidi umbo na ukubwa wa kitu. Lakini nani ni nini kwa Kijapani, na mwalimu akiuliza alichokula, kijana bado husikia "umekula nani?"

Jambo jingine halimo kitabuni kabisa. Mjapani akisema, anayesikiliza humwitikia kila mara: hai, ee, soo desu ka. Mpwa wangu, kwa adabu ya darasani, alikuwa kimya, na mwalimu akadhani mtandao umekatika. Nikamkumbusha wazee wanavyoitikia hadithi: enhe, naam, ikawaje? Akacheka, akaanza kuitikia.

Asubuhi ya mwisho kabla sijaondoka alirudia habari ya KICC. "Bi-ru," akagonga mara mbili. Safari hii mwalimu hakuhuzunika. Aliuliza lina ghorofa ngapi. Kijana akanigeukia.

"28," nikamnong'oneza. Akaanza kuhesabu kwa vidole.