Nani Anajua Kusoma Karagwe na Kyerwa?

Karani wa sensa anapofika kwenye kaya, iwe Kayanga wilayani Karagwe au Nkwenda wilayani Kyerwa, swali la kusoma na kuandika hujibiwa kwa maneno matupu, na mara nyingi mkuu wa kaya huwajibia wote. Hakuna anayeombwa kusoma chochote. Utafiti wa afya na demografia hutumia njia nyingine: mhojiwa hupewa kadi yenye sentensi fupi aisome, ila aliyefika sekondari huhesabiwa anajua bila kupimwa. Kwa hiyo asilimia yoyote ya wajuao kusoma haina maana mpaka tujue imepatikanaje.

Ushahidi tunao. Mtihani wa kitaifa wa kisomo wa mwaka 1975 uliwapanga watu wazima kwa hatua: wa hatua ya tatu aliweza sentensi rahisi na hesabu ndogo, wa hatua ya nne alikitumia kisomo katika maisha yake. Takwimu za serikali zilionyesha wasiojua kusoma nchini wakipungua kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi 10 mwaka 1986. Sensa ya 2002 ikakuta wajuao ni takriban asilimia 69 tu. Wapo waliosahau, wapo vijana waliokosa shule. Lakini mtihani wa darasani na jibu la mlangoni ni vipimo viwili tofauti, na kuvilinganisha kama kimoja ni kujidanganya.

Katika wilaya hizi mbili tofauti hiyo inagusa mfuko. Mkulima akipeleka kahawa kwenye chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) hupewa stakabadhi yenye kilo, bei na makato. Mzungumzaji wa Kinyambo, lugha ya wenyeji, anaweza kuitamka vizuri sentensi ya Kiswahili ya kwenye kadi, kisha asielewe safu ya makato. Na anayeuza kahawa ingali mtini, kwa butura, hutia saini au dole gumba kwenye masharti asiyoyaelewa. Kwenye sensa, wote wawili huenda wakaandikwa “anajua”.

Itasemwa kuwa kumpima kila mtu ni gharama kubwa. Ni kweli, lakini si lazima kila mtu apimwe: sampuli ndogo ya kila wilaya, ikipewa stakabadhi halisi na maswali machache, ingetuonyesha majibu ya sensa yanazidisha kwa kiasi gani. Itasemwa pia kuwa wazee wengi hupiga hesabu kichwani bila kukosea. Hata hivyo, hesabu ya kichwani haimwonyeshi mtu kato lililoandikwa asiloambiwa. Takwimu za wilaya zichapishwe kwa hatua, ili maofisa elimu wajue nani aanze na herufi na nani afundishwe kusoma stakabadhi yake.