Kabla ya kumwita mtoto 'mzito', mwalimu achunguze lugha

Kabla sijaingia katika uandishi, nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya msingi mtaani Dandora. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa imeanza mwaka wa 2003 na madarasa yalifurika. Nyuma kabisa, karibu na dirisha linalotazama barabara ya matatu, alikaa mvulana mmoja mtulivu. Nikimwuliza swali, ananitazama tu. Mwisho wa muhula niliandika neno moja kwenye ripoti yake: mzito.

Mamake, muuza sukumawiki, alikuja kuniona. "Mwalimu, mtoto wangu si mzito," akaniambia. "Tukiongea uso kwa uso anashika kila kitu. Ila nikimwita akiwa amenipa mgongo, hageuki mpaka nimguse." Nilimjibu kwa adabu kisha nikayasahau maneno yake. Ilichukua muda mrefu kabla ya muuguzi wa zahanati kugundua kwamba masikio ya mtoto yule yalikuwa yakitoka usaha tangu utotoni, na kwamba alisikia nusunusu.

Nimekumbushwa kisa hicho na mwalimu mmoja wa Umoja anayesomea elimu maalum wakati wa likizo katika Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya (KISE), iliyoanzishwa mwaka wa 1986 na yenye makao yake Kasarani. Aliniuliza: "Ndugu yangu, kwa Kiingereza najua nimwiteje huyu mtoto. Nikija kwa Kiswahili naona ni matusi tu. Tufanyeje?"

Swali hilo ni la lugha na pia la kisheria. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kwa hivyo, mwalimu anapochagua neno darasani, anatekeleza Katiba au anaivunja.

Tuanze na sarufi. Wengi hudai kwamba maneno kama kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yanadunisha kwa sababu ya kiambishi ki-, kile kile kinachogeuza mtoto kuwa kitoto na mtu kuwa kijitu. Dai hilo lina chembe ya ukweli, lakini halitoshi. Kiongozi, kijana na kinyozi pia huanza kwa ki-, na hakuna kiongozi anayelalamika. Isitoshe, maneno haya yote huchukua upatanisho wa A-WA: tunasema kiziwi huyu amefika, wala si kiziwi hiki kimefika.

Tazama walivyoamua wenyewe huko Tanzania. Wasiosikia wanaitwa Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA), na hawaoni aibu kwa neno hilo. Wenzao wamejiita Chama cha Wasioona Tanzania, wakaliacha neno vipofu. Funzo ninalolipata hapo ni kwamba mwenye jina ndiye anayelipima uzito. Mwalimu asipojua jamii husika inapendelea nini, njia salama ni kumtaja mtu kwanza, kisha hali yake: mtoto mwenye ulemavu wa kuona, mwanafunzi mwenye ualbino. Maneno kama punguani, taahira na zeruzeru yabaki nje ya lango la shule.

Neno bubu lina kasoro nyingine. Linadai kwamba asiyesikia hana lugha, na huo ni uongo. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake. Si Kiswahili cha mikono wala Kiingereza cha vidole. Katiba inaitaja katika Kifungu cha 7 kama lugha ya kuendelezwa na, katika Kifungu cha 120, kama mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge. Kwa miaka kadhaa watahiniwa viziwi wa KCPE walifanya mtihani wa lugha hiyo badala ya Kiswahili. Mwalimu anayeishia kujua ishara za herufi tu ni sawa na mgeni aliyekariri alfabeti akadhani amejifunza Kiswahili.

Yapo pia maneno yanayotatiza kwa kukosa mipaka. Usonji limekubalika, nami nalipenda kwa kuwa ni fupi na halina historia ya kejeli. Lakini mtindio wa ubongo hutumiwa na huyu kwa mtoto ambaye viungo vyake havimtii, na yule kwa mtoto anayechelewa kuelewa. Hizo ni hali mbili tofauti. Mtoto wa kwanza huenda ana akili nyepesi kuliko mwalimu wake, ila mkono unakataa kushika kalamu. Akiwekwa katika fungu la pili kwa sababu ya istilahi legelege, atafundishwa kuhesabu vijiti miaka nenda miaka rudi.

Kwetu Eastlands kuna mtego mwingine: Sheng. Chukua mtoto wa Kayole au Jericho anayeonyeshwa picha. Akiona kofia anasema "ngepa", kiatu anasema "njumu", nyumba anasema "keja". Mwenye karatasi ya majibu anayesubiri Kiswahili sanifu ataweka mikasi mitatu. Ila mtoto amevitambua vitu vyote vitatu! Pungufu yake ni msamiati wa shule, na dawa yake ni kufundishwa, si kupelekwa kitengo maalum.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, na ndilo nililolifanya mimi. Mtoto ana tatizo la kweli, nasi tunasema, "Ah, hawa wa mtaa ndivyo walivyo, Sheng imewaharibu." Ukimya wake tunauita utundu au uzembe. Anayetaka kutofautisha hali hizi mbili ajiulize: mtoto huyu anaelewa vipi katika lugha anayoizungumza nyumbani na uwanjani? Kama anacheza, anabishana na kusimulia vizuri kwa Sheng, chunguza lugha ya shule. Kama anatatizika hata huko, muite mzazi, msikilize, kisha mtoto apelekwe kwenye vituo vya kutathmini mahitaji maalum, ambavyo vimekuwepo nchini tangu 1984.

Ujuzi huu hauji kwa kuzaliwa. Unafundishwa, na mafunzo yana gharama. Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) ilipozindua mafunzo ya kuendeleza taaluma mwaka wa 2021, walimu wengi walilalamika kwa kutakiwa kuyalipia wenyewe. Rafiki yangu wa Umoja naye hujilipia karo, akatumia likizo yake darasani. Serikali inayotaka elimu jumuishi haiwezi kuuacha mzigo huo kwenye mfuko wa mwalimu. Na mitaala ya mafunzo hayo iwe na nafasi ya Kiswahili, kwa maana mwalimu atakayemweleza mama muuza mboga hali ya mwanawe hatamweleza kwa Kiingereza cha vitabuni.

Mvulana yule nilimhamishia dawati la mbele, mbali na honi za matatu, nikaacha tabia ya kuzungumza huku nikiutazama ubao. Hayo hayakugharimu hata shilingi. Muhula uliofuata alisoma aya nzima mbele ya wenzake, kwa sauti ya juu kupita kiasi kama wafanyavyo wengi wasiosikia vyema. Wenzake walicheka, naye akaendelea kusoma hadi nukta ya mwisho. Neno 'mzito' lingali kwenye ripoti ile, kwa mwandiko wangu.