Nani Aone Namba Ulizopiga?

Mtu aliyekata tamaa anapopiga simu usiku kuomba ushauri, kampuni ya simu hubaki na kumbukumbu: namba aliyopiga, saa, na mahali alipokuwa. Maongezi hayamo, lakini kumbukumbu hizo peke yake zaweza kufichua siri yake. Je, polisi wazichukue wapendavyo?

Nchini Ujerumani, sheria iliyoanza mwaka 2008 iliziagiza kampuni kuhifadhi kumbukumbu za wateja wote kwa miezi 6. Wananchi zaidi ya 30,000 walipinga mahakamani. Tarehe 2 Machi 2010 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria hiyo na kuamuru kumbukumbu zilizokusanywa zifutwe.

Mahakama haikukataza uhifadhi moja kwa moja, bali iliweka masharti. Polisi wazipate kwa makosa makubwa au hatari kubwa tu, kama hatari kwa uhai, tena kwa kibali cha hakimu. Na simu za ushauri, zikiwemo za makanisa, zinazopokea watu wasiotaja majina, zilindwe.

Fundisho kwetu ni hili: wahalifu watafutwe, lakini mwenye shida asiogope kuomba msaada.