Mapenzi ya Mkweche

Mkweche ni gari kuukuu ambalo rangi yake imepauka, bodi yake imeliwa na kutu na safari yake haina hakika ya kufika; ni neno la kejeli kinywani mwa mpita njia, lakini kwa aliyewahi kumiliki gari la namna hiyo hubeba mapenzi ya dhati, na chanzo cha mapenzi hayo kimo ndani ya muundo wa gari lenyewe.

Mfano ulio wazi katika Afrika Mashariki ni Peugeot 404, gari la Kifaransa lililoingia sokoni mwaka 1960 na kujijengea jina katika mashindano ya Safari Rally, ambako lilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika ushindi wa 1966 na 1967 usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Gari lililonunuliwa jipya na kampuni au ofisi lilikuja kuwa teksi ya masafa marefu, kisha likashuka bei mpaka likafikiwa na mwalimu au mwenye duka la mtaani, ambaye pengine ndiye aliyekuwa wa kwanza katika ukoo wake kumiliki gari.

Kutu ni zao la chuma kinapokutana na maji na oksijeni ya hewani. Huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na ndiyo maana rangi hufura kama lengelenge kabla ya kupasuka. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam na Unguja, chumvi iletwayo na upepo wa bahari huiharakisha kazi hiyo. Kutu huanzia pasipoonekana, chini ya zulia, ndani ya milango na juu ya magurudumu ambapo matope hujibana, hata baada ya miaka abiria wa nyuma akaiona, kupitia tundu la sakafuni, barabara ikipita chini ya miguu yake. Watoto waliokulia katika magari hayo hulikumbuka tundu hilo kuliko ushindi wote wa Safari, wala si ajabu.

Siri kubwa ya mapenzi ya mkweche, hata hivyo, ilikuwa injini inayofahamika. Petroli ilichanganywa na hewa ndani ya kabureta, chombo ambacho mwenye gari aliweza kukifungua kwa bisibisi na kukisafisha. Cheche zilitegemea platini, yaani vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana ili kukata umeme na kuurudisha, ambavyo vikiungua vilisuguliwa kwa msasa na gari likawaka tena. Betri ikifa, palikuwa na tundu mbele ya gari la kuingizia chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, na aliyekosa chuma hicho aliwaita majirani wasukume: ufunguo ukiwa umewashwa na gia ya pili imeingizwa, dereva alikanyaga klachi, akasubiri mwendo uchanganye, kisha akaiachia ghafla ili magurudumu yaizungushe injini. Hivyo gari la mtu mmoja lilikuwa shughuli ya mtaa mzima, na mwenyewe alijifunza kuliegesha jioni penye mteremko.

Hatari nayo haifai kufichwa. Bodi ya 404 haikukalia chesisi ya peke yake, bali bodi na fremu vilikuwa kitu kimoja, kwa hiyo kutu iliyokula kingo za chini ya milango ilikuwa imekula nguvu ya gari zima, na puti ya fundi bodi iliificha tu bila kuiponya.

Magari ya mtumba kutoka Japani yalipomiminika katika miaka ya 1990, yalileta utulivu wa safari pamoja na injini ambazo polepole zilikuja kuongozwa na kompyuta na kuinyima bisibisi ya mwenye gari kazi yake. Peugeot nyingi za zamani ziliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, zikapimwa kwa kilo, na waliokuwa nazo wakabaki na ufunguo, au na nembo ya simba iliyong'olewa mbele ya gari kabla halijapakiwa.