Kabla ya kuuliza bangi, uliza kinachouma

Belo la mitumba huwa na kilo 45 hivi, na kutoka kwenye lori hadi kibandani Mchikichini husafiri kwa bega la mtu. Ndiyo maana katika maduka ya dawa ya Ilala na Kariakoo "dawa ya mgongo" haikosi mteja. Muuzaji haulizi mgongo unauma vipi. Anakata vidonge vya diklofenaki, mnunuzi anameza na chai, kazi inaendelea. Siku hizi kuna pia swali la pili, linaloulizwa kwa sauti ya chini: eti bangi nayo si dawa? Kuna aliyeona kwenye simu Mmarekani akijipaka mafuta ya bangi gotini na kuinuka.

Tuanze na mwili wenyewe. Ukijikata kisu, mishipa midogo ya damu hutanuka, maji ya damu hupenya hadi kwenye nyama, na chembe nyeupe hukimbilia hapo kupambana na vijidudu. Pale panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba na kuuma. Mrumi Celsus aliziandika alama hizo nne katika karne ya kwanza, na hadi leo hazijabadilika. Hali hii madaktari huiita mchochota, na bila huo mchubuko mdogo tu ungeweza kutuua. Kazi ikiisha, chembe zile huondoka na kidonda hupona.

Balaa ni pale mchochota usipoisha. Wakati mwingine chanzo bado kipo, kama kifua kikuu au vijidudu vya tumboni. Wakati mwingine kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vyake yenyewe, kama ilivyo kwa baridi yabisi. Na kuna mchochota wa kimya usiovimbisha chochote cha kuonekana: mafuta yaliyojaa kitambini, sigara, fizi zinazotoka damu, moshi wa mkaa anaouvuta mama lishe tangu alfajiri. Huu hugunduliwa kwa kipimo cha damu kinachotafuta protini ya CRP, inayotengenezwa na ini. Usidhani ni jambo dogo. Mwaka 2017 utafiti wa CANTOS, uliohusisha wagonjwa wa moyo zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba dawa inayotuliza mchochota bila kugusa lehemu ilipunguza mashambulizi ya moyo.

Sasa mgongo wa mbeba belo. Mara nyingi tatizo lake ni misuli na pingili zilizochoshwa na uzito. Hupata nafuu akipumzika na huzidi akibeba. Mchochota sugu wa viungo una tabia tofauti: mtu huamka amekakamaa, vidole havikunji, na inapita nusu saa au zaidi kabla hajalegea, akitembea anapata nafuu, akilala anaumia. Tofauti hiyo ingeweza kuulizwa dirishani pa duka la dawa kwa dakika moja, na sijui kwa nini haiulizwi.

Diklofenaki inafanya kazi, hilo tusibishane. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu, na diklofenaki hupita njia hiyohiyo. Ila prostaglandini hizohizo ndizo zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo na kuachia damu ipite vizuri kwenye figo. Anayemeza kila siku kwa miezi, tena tumbo tupu na presha ikiwa juu, anajitafutia vidonda vya tumbo na figo mbovu; moyo nao huwekwa hatarini. Kibaya zaidi ni deksa (deksamethasoni) inayonunuliwa bila cheti. Hutuliza haraka mno, mtu akadhani amepona, kumbe inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa na kuficha kifua kikuu. Ikiachwa ghafla baada ya muda mrefu, mwili unaweza kuzimia kwa kukosa homoni ulizoacha kutengeneza.

Na bangi? Sayansi yake si porojo. THC, kemikali inayolevya, ilichambuliwa mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni nchini Israel. Mwaka 1993 wanasayansi walitambua kipokezi cha pili cha kemikali za aina hii, ambacho hukaa zaidi kwenye chembe za kinga. Katika maabara na kwa panya, kukigusa hutuliza mchochota kweli. Kwa binadamu habari hupungua ukali. Uingereza, mwaka 2006, wagonjwa 58 wa baridi yabisi walijaribiwa dawa ya kupuliza mdomoni yenye dondoo za bangi: maumivu yalipungua kiasi, usingizi ukawa bora, lakini ukakamavu wa asubuhi ulibaki palepale. Denmark, mwaka 2021, wagonjwa 136 wenye maumivu ya viungo walijaribiwa CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, na haikuishinda dawa bandia. Marekani iliidhinisha CBD mwaka 2018 kwa aina za kifafa kikali cha watoto, si kwa magoti wala mgongo.

Msokoto ni jambo jingine kabisa. Moshi wake huchochea njia za hewa, THC yake haijapimwa na yeyote, moyo hukimbia, na kwa vijana huongeza hatari ya kuchanganyikiwa akili. Kisheria pia hakuna mlango: Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki na kutumia. Rwanda na Malawi zimefungua kilimo cha bangi ya dawa chini ya leseni, na Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliitoa bangi kwenye kundi la dawa zinazobanwa zaidi. Wanaosema Tanzania haiwezi kugeuza dawa ya kulevya kuwa tiba wamesahau morfini ya Ocean Road kwa wagonjwa wa saratani, na methadoni inayotolewa Muhimbili tangu 2011. Zote hupimwa kwa miligramu, mgonjwa akiandikwa jina. Bangi ikija kuwa dawa hapa, itapita mlango huo.

Mwenye baridi yabisi hana haja ya kusubiri. Methotrekseti, inayomezwa mara moja kwa wiki na si kila siku, huzuia viungo kuharibika, ilimradi daktari afuatilie damu na ini. Kupunguza kitambi, kuacha sigara na kulala vya kutosha hutuliza ule mchochota wa kimya. Manjano ya sokoni ni kiungo kizuri cha mchuzi. Lakini kemikali yake hunyonywa na mwili kidogo mno kiasi kwamba haiwezi kuwa tiba.

Pwani yetu ina mfano wake mkubwa wa mchochota sugu: matende. Minyoo inayoletwa na mbu huharibu mirija ya limfu, mguu hujaa, kisha bakteria huingia kupitia michubuko na kuleta homa zinazouzidishia uvimbe. Kampeni ya kugawa dawa zake ilianzia Mafia mwaka 2000 na kufika Dar es Salaam. Kwa mguu uliokwisha kuvimba, tiba iliyothibitika kupunguza homa hizo ni kuuosha kila siku kwa sabuni na maji safi, kuukausha hadi katikati ya vidole, kuuinua wakati wa kulala na kutibu kila mchubuko.