Je, Wajua? Rufaa ya Fauziya

Nchini Marekani, maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa la jinai hupewa wakili na serikali. Mwomba hifadhi hapewi: anaruhusiwa kuwa na wakili, ila serikali haimlipii hata senti.

Fauziya Kassindja wa Togo alikimbia ukeketaji na ndoa ya kulazimishwa, akafika Marekani Desemba 1994 akiwa na miaka 17. Aliwekwa kizuizini, na jaji akamnyima hifadhi. Wakili Karen Musalo alimtetea bure kwenye rufaa. Juni 1996, Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ilimpa hifadhi, na uamuzi huo ukawa wa lazima kwa majaji wote wa uhamiaji.

Layli Miller-Muro, aliyeishughulikia kesi hiyo akiwa mwanafunzi wa sheria, alianzisha mwaka 1997 kituo cha Tahirih kinachotoa msaada wa kisheria bila malipo.